Ngome Isiyo na Jeshi: "Historia Hai" Kwenye Vituo vya Biashara vya Marekani ni Kitu Gani?

Kila kiangazi cha Amerika Kaskazini picha za aina moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko huko, kisha huvuka bahari hadi Dar na Mombasa. Wanaume watu wazima wamevaa mashati ya ngozi yenye matamvua. Mama mwenye gauni refu la pamba anakoroga sufuria ya chuma juu ya moto wa kuni. Nyuma yao kuna ukuta wa magogo na bendera kubwa, na jamaa mmoja anafyatua gobori, moshi unatanda uwanja mzima. Halafu maswali. Ni filamu hiyo? Ni dhehebu fulani? Wanasherehekea kuwaua wenyeji? Na mzazi aliyehamia huko juzi anauliza la kwake: mtoto kaleta karatasi ya ruhusa, shule inawapeleka "fort", je, ni kambi ya jeshi?

Si filamu, si dhehebu, na si kambi ya jeshi. Swali la kusherehekea ndilo gumu kidogo, na hatuwezi kulijibu kabla hatujaelewa ngome zenyewe zilikuwa nini.

Tuanze na maneno matatu. Ngome ya biashara ni kituo kilichozungushiwa ukuta ambako kampuni ilibadilishana bidhaa za viwandani na ngozi za wanyama. Historia hai ni maonyesho ambayo watu huvaa, hupika, hufua chuma na kuzungumza kama watu wa zama fulani, ili mgeni aione kazi ikifanyika badala ya kuisoma kwenye kibao. Na ile "mipaka" inayotajwa kila mara haikuwa mstari kwenye ramani. Ni eneo ambalo Washington ililidai kwenye karatasi lakini haikuwa na mtu wa kulitawala. Kwa Mmarekani wa New York, huko kulikuwa pembezoni mwa dunia. Kwa mataifa ya wenyeji kama Waassiniboine, Wacree na Wacrow kulikuwa nyumbani, na mgeni alikuwa mwenye duka.

Duka lenye kuta

Nitaitegemea zaidi Fort Union, kwa sababu hadithi yake imeandikwa vizuri na kwa sababu maonyesho yake ya Juni yanajulikana. Iko karibu kabisa na mahali Mto Yellowstone unapokutana na Mto Missouri, pale North Dakota inapopakana na Montana. Kampuni ya American Fur Company ya tajiri John Jacob Astor ilianza kuijenga mwaka 1828. Waassiniboine wenyewe ndio waliotaka kituo kiwekwe pale, kwa sababu hawakupenda kusafiri mbali kutafuta baruti na masufuria. Biashara iliendelea hadi 1867, karibu miaka 40.

Muda wote huo mkuu wa Fort Union alikuwa meneja wa kampuni, hakuwa kanali. Chini yake, biashara ilipochanganya, walikuwepo watu hadi 100: makarani, wahunzi, maseremala, wawindaji, wapishi, wakalimani, na vibarua wa mkataba ambao wengi wao walikuwa Wafaransa wa Kanada. Askari wa serikali hakuwepo enzi hizo.

Basi kuta za nini? Fikiria duka la mtaani lenye nondo dirishani. Mwenye duka hana vita na majirani. Ndio wateja wake, anawakopesha, watoto wao anawajua kwa majina. Lakini ndani mna mali ya mwaka mzima, na mwizi haji na kitambulisho. Ukuta wa Fort Union, uliokuwa na takribani mita 70 kila upande, pamoja na minara yake miwili ya mawe iliyokaa kwenye pembe zinazotazamana, ndiyo nondo hizo. Mteja aliingia getini, akafika chumba cha mapokezi, akafanya biashara kwenye chumba cha biashara, akatoka. Ghala hakuliona.

Tena hofu kubwa haikuwa lazima iwe vita kati ya wenye duka na wenyeji. Mataifa ya wenyeji yalikuwa na ugomvi wao, wa zamani kuliko kampuni. Mwaka 1833, mbele ya Fort McKenzie, kituo kingine cha kampuni hiyohiyo juu zaidi ya mto, wapiganaji wa Kiassiniboine na Kicree waliwashambulia Wablackfeet waliokuwa wamepiga hema nje ya kuta. Mwanamfalme wa Kijerumani, Maximilian wa Wied, alikuwa ndani akishuhudia, na mchoraji wake Karl Bodmer akaichora. Ni mapigano kwenye uwanja wa duka, na wenye duka hawakuwa walengwa.

Ngome ya jeshi ni jambo jingine. Kilomita chache tu kutoka Fort Union, jeshi la Marekani lilijenga Fort Buford mwaka 1866. Mwaka uliofuata likainunua Fort Union, likaibomoa, na kuchukua mbao na vifaa kwenda kupanua kambi. Anayesimama leo kati ya sehemu hizo mbili anaona tofauti ambayo picha za WhatsApp haziwezi kumwonyesha: kwanza lilikuja duka, jeshi likaja baadaye, na jeshi lilipofika duka lilikuwa limekwisha.

Biashara yenyewe ilivyokwenda

Hapa ndipo maonyesho mengi hupita haraka, nami naona ndipo penye utamu.

Mwanzoni bidhaa iliyotafutwa ilikuwa ngozi ya biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa. Manyoya yake ya ndani yakishindiliwa hutoa felti, na felti ndiyo iliyotengeneza kofia za waungwana wa London na Paris. Katika miaka ya 1830 kofia za hariri zikaanza kuingia kwenye fasheni, bei ya biva ikaporomoka, nao biva wenyewe walikuwa wameshawindwa mno. Biashara ya Missouri ikahamia kwa nyati wa Amerika. Ngozi yake ya msimu wa baridi, ikiwa na manyoya yake mazito, ilitengenezwa makoti na mablanketi ya kujifunika kwenye magari ya theluji yanayokokotwa na farasi. Katika miaka mizuri Fort Union ilipokea zaidi ya ngozi 25,000 kwa mwaka.

Ngozi hizo hazikutoka mwituni zikiwa tayari. Mwanamume aliwinda, lakini mwanamke ndiye aliyekwangua nyama, akapaka mchanganyiko wenye ubongo wa mnyama, akanyoosha, akasugua, akarudia hadi ngozi ilainike kama kitambaa. Ni kazi ya siku kadhaa kwa ngozi moja. Kwa hiyo unaposikia takwimu ya ngozi 25,000, unasikia pia kazi ya mikono ya wanawake wa nyikani, ambayo kampuni iliwalipa waume wao. Kwenye maonyesho utamwona mhunzi anapiga chuma na watoto wamemzunguka. Anayekwangua ngozi ni nadra kuzungukwa na watu wengi hivyo. Inanuka.

Kundi la wateja lilipofika halikukimbilia kaunta. Lilijipamba kabla ya kuingia, likaimba, bunduki zikapigwa hewani kusalimiana. Viongozi walikaribishwa ndani, kiko kikapitishwa mkono kwa mkono, zawadi zikatolewa, hotuba zikafuata. Baada ya hapo ndipo bei zikatajwa. Mzungu aliyeona huko ni kupoteza muda hakudumu kwenye kazi hiyo. Bila uhusiano hakukuwa na biashara, na uhusiano ulijengwa kwa taratibu za mwenyeji.

Ndoa nazo zilikuwa sehemu ya uhusiano huo. Alexander Culbertson, aliyekuwa meneja mkubwa wa kampuni, alimwoa Natawista, binti wa ukoo wa kichifu wa Wakainai (tawi la Wablackfeet), na heshima ya mama huyo ilifungua milango ambayo bunduki isingeifungua. Edwin Denig, aliyesimamia Fort Union kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840, aliishi na wake wa Kiassiniboine na akaandika kwa kirefu juu ya mataifa ya eneo hilo. Shemeji walikuwa wateja, na wateja walikuwa shemeji. Ukilijua hilo, ule uzio unaonekana tofauti.

Sarafu ilikuwa nini? Kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Hudson's Bay Company, washindani wa Kiingereza walioko kaskazini, walihesabu kwa "biva kamili": ngozi moja nzuri ya biva aliyekomaa. Blanketi ilikuwa na bei kwa biva, kisu vivyo hivyo, na hata ngozi ya mbweha ilipimwa kwa biva. Upande wa Missouri ngozi ya nyati ikashika nafasi hiyo. Wawindaji wengi walichukua bidhaa kwa mkopo na kulipa msimu wa ngozi, na karani aliandika yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga wetu walisema, na makampuni haya yalikuwa na madaftari hasa. Ndiyo maana tunajua leo walikuwa wameweka nini rafuni.

Shanga zilezile, kitambaa kilekile

Rafu hizo zinamhusu msomaji wa Kiswahili kuliko anavyodhani. Shanga za kioo za Venice zilizokuwa zinauzwa Fort Union ni jamaa wa karibu wa zile zilizokuwa zinabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne hiyohiyo. Shanga nyekundu zilipendwa kote kuwili. Kwenye njia za misafara yetu, ile nyekundu iliyotukuka iliitwa samesame. Viwanda vya Venice vilikuwa na wateja wawili wasiojuana: Mnyamwezi na Mcrow.

Upande wa kitambaa, majora ya pamba ya Massachusetts yaliyopelekwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem ndiyo tuliyoyaita merikani. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833. Mwaka huohuo ndugu William na Charles Bent pamoja na mshirika wao Ceran St. Vrain walikuwa wanasimamisha Bent's Fort, ngome ya matofali ya udongo kando ya Mto Arkansas, katika Colorado ya leo. Wakati ule mto huo ulikuwa mpaka wa Marekani na Mexico. Uchumi uliokuwa unatafuta ngozi za nyati magharibi ndio uliokuwa unatafuta pembe za ndovu Zanzibar.

Hapo inakuja dhana inayopendwa sana mitandaoni: kwamba wenyeji walidanganywa kwa shanga, wakatoa mali ya thamani wakapewa vioo. Dhana hiyo inawafanya wajinga, nao hawakuwa wajinga. Walichagua. Walikataa rangi wasizozipenda, walikataa shanga kubwa walipotaka ndogo, walikagua blanketi, walirudisha bunduki mbovu. Fort Union ilipouza ghali, walitishia kwenda kwa Waingereza kaskazini, na wakati mwingine walikwenda kweli. Karani aliyeagiza shanga za rangi isiyotakiwa alibaki nazo ghalani mwaka mzima, kwa sababu meli ya mvuke kutoka St. Louis, safari ya maili karibu 1,800 za mto, ilikuja mara moja kwa mwaka maji yakijaa. Sufuria ya shaba iliyookoa saa za kazi kila siku si kioo cha kudanganyia mtoto.

Lakini kukataa dhana moja ya uongo haina maana tukubali nyingine, ile ya "biashara ya haki, wote walifurahi". Madhara yalikuwepo, na yalikuja kwa njia nyingine kabisa. Pombe ni mojawapo. Mwaka 1832 serikali ilipiga marufuku kuingiza pombe kali kwenye nchi za wenyeji. Kenneth McKenzie, bosi wa Fort Union, akaona njia: sheria inakataza kuingiza, haisemi kupika. Akaleta mtambo akaanza kutengeneza wiski palepale ngomeni mwaka 1833. Habari zikafika mashariki, kampuni ikaingia matatani, na mwaka uliofuata McKenzie akaondoka.

Kubwa zaidi ni ndui. Mwaka 1837 meli ya kampuni iitwayo St. Peter's ilipanda Missouri ikiwa na wagonjwa. Wamandan, waliokuwa na miji yao chini kidogo ya mto, walikufa karibu wote. Waliosalia hawakufika hata 200. Fort Union nayo ilipata ugonjwa, na Waassiniboine waliokuja kufanya biashara kama kawaida waliondoka nao. Meli iliyoleta masufuria ndiyo iliyoleta kifo. Na nyati? Mauaji makubwa yaliyowamaliza yalikuja baadaye, miaka ya 1870 na 1880, reli ilipofika na viwanda vikataka ngozi za mikanda ya mashine. Ila soko lenyewe lilikuwa limeshafunguliwa.

"Rendezvous" mbili, na zote hazikuwa hapa

Maonyesho ya Fort Union huitwa Rendezvous, na jina hilo limewachanganya hata Wamarekani. Rendezvous ya milimani ilikuwa mkutano wa kila kiangazi wa wategaji wa biva katika Milima ya Rocky. Ilianza 1825 chini ya William Ashley na ikafa 1840. Msafara wa bidhaa ulikuja hadi bondeni, wategaji wakaleta ngozi za mwaka mzima, wakauza, wakanywa, wakapigana, wakatawanyika. Wazo lake lilikuwa kukwepa gharama za kujenga ngome. Yaani Rendezvous na ngome zilikuwa njia mbili zinazoshindana, na leo tunaziweka kwenye uwanja mmoja na kupiga picha.

Ya pili ni ile ya Fort William, Thunder Bay, Kanada. Huko kampuni ya ngozi iitwayo North West Company ilikutanisha kila kiangazi mitumbwi mikubwa ya Montreal, iliyojaa bidhaa, na watu waliokaa majira ya baridi ndani ya bara, waliokuja na ngozi. Ile ilifanyika ngomeni kweli. Ngome unayotembelea leo ni ya kujengwa upya, na imejengwa kilomita kadhaa kutoka mahali pa asili, kwa sababu ile ya kwanza imemezwa na mji na reli.

Mimi sioni ubaya wa kutumia jina la Rendezvous kwa sikukuu, mradi mtu asirudi nyumbani akisema hivyo ndivyo Fort Union ilivyokuwa. Fort Union haikuwa sherehe ya siku nne. Siku nyingi za mwaka ilikuwa kuhesabu, kufunga marobota, kukata kuni na kusubiri meli.

Wanajuaje?

Sasa turudi kwa wale waliovaa ngozi. Wako wa aina mbili, na ukiwachanganya utapata aibu ndogo. Wa kwanza anaishi ndani ya mwaka wake: ukimwuliza wifi iko wapi atakukodolea macho, kwa sababu yeye ni karani wa 1851 na habari ya mwisho aliyopata ni ya miezi minne iliyopita. Wa pili amevaa nguo za zamani lakini anaongea kama mtu wa leo, na atakueleza kuwa kofia hii ni sahihi ila viatu alivyovaa si vya zama hizo kwa sababu magoti yanamsumbua. Wengi ni wa aina ya pili. Baadhi ni waajiriwa wa hifadhi. Wengine ni watu wa kujitolea, walimu, mafundi magari, wastaafu, wanaoshona nguo zao wenyewe na kusafiri kwa gharama zao. Msikilize na umwulize swali moja tu: umejuaje?

Fort Union ina majibu mazuri kwa swali hilo. Mwaka 1851 Mswisi mmoja, Rudolph Friederich Kurz, aliajiriwa hapo kama karani. Alikuwa mchoraji. Aliandika shajara na kuchora majengo, vyumba na watu. Kuna pia kumbukumbu za Charles Larpenteur, aliyeanza kwa kazi za chini akapanda ngazi, na kuna maandishi ya Denig. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilipokabidhiwa eneo hilo mwaka 1966 hapakuwa na ngome, palikuwa na nyasi. Wanaakiolojia walichimba misingi, wakakuta shanga, vigae, mifupa, vipande vya vioo na vyuma kwa maelfu. Ujenzi upya ulifanyika kati ya 1985 na 1991, ukichagua kuonyesha ngome jinsi ilivyokuwa 1851, mwaka wa michoro ya Kurz.

Kwa hiyo unachokiona ni jengo jipya juu ya ushahidi wa zamani. Nyumba nyeupe ya meneja yenye paa jekundu ni sahihi kwa nje, lakini ukiingia ndani unakuta ofisi ya wageni na duka la vitabu. Nyumba ya biashara imepangwa ndani kama 1851. Bent's Fort nayo ilijengwa upya mwaka 1976, ikitegemea vipimo na michoro ya luteni James Abert, aliyekaa hapo akiugua katika miaka ya 1840. Fort Langley, Kanada, ina jengo moja la asili la ghala kutoka miaka ya 1840 na mengine ni mapya. Hakuna udanganyifu hapo, ukiuliza utaambiwa. Tatizo ni kwamba watu hawaulizi.

Jambo jingine la kuuliza ni nani hayupo uwanjani. Picha nyingi zinakuonyesha wanaume weupe wenye ndevu, na mtu mweusi anayezitazama anaweza kuamini kwamba huko hatukuwepo. Tulikuwepo. Bent's Fort iliendeshwa kwa jasho la watumwa pia. Mpishi wake aliyesifiwa na wasafiri, Charlotte Green, alikuwa mtumwa wa akina Bent, pamoja na mumewe Dick na shemeji yake Andrew. Dick alipata uhuru baada ya mapigano ya Taos, New Mexico, ya 1847, yaliyofuata kuuawa kwa Charles Bent. Jim Beckwourth, aliyezaliwa utumwani Virginia, akawa mtegaji, akaishi miaka mingi na Wacrow na kuifanyia kazi American Fur Company. Huko Fort Langley, aliyetangazwa gavana wa British Columbia mwezi Novemba 1858 ni James Douglas, mtu wa Hudson's Bay Company aliyezaliwa Demerara, Guyana ya leo, na mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Fort Langley ilikuwa pia na vibarua kutoka Hawaii. Ngome hizi zilikuwa na lugha nyingi kuliko soko la Kariakoo.

Ukiamua kwenda

Fort Union haina kiingilio. Eneo la kuegesha magari liko Montana na ngome iko North Dakota, na mpaka huo unachezea saa: ngome inafuata saa za North Dakota, Montana iko nyuma kwa saa moja. Usije ukalaumu simu. Chukua kofia na maji, maana nyika ya Juni haina mti wa kujificha, na upepo hauishi.

Magobori na bunduki za gumegume hupigwa kwa baruti tupu, bila risasi, na kuna anayesimamia usalama. Kaa nyuma ya kamba. Mlio ni mkubwa. Mtoto mdogo, au mtu aliyekimbia vita Kivu au Burundi na bado anashtuka, aambiwe mapema, au wakati huo mpeleke kwa mhunzi upande wa pili. 

Kuhusu mavazi ya Wenyeji wa Amerika, tofautisha. Mwassiniboine aliyekuja kueleza mambo ya babu zake ni mtaalamu, mwulize kwa adabu na mwombe ruhusa kabla ya kumpiga picha. Mzungu aliyevaa manyoya ya tai kichwani kujifanya chifu ni jambo linalochukiza wengi, na maonyesho yanayojiheshimu hayalipendi. Usimnunulie mtoto taji la manyoya la plastiki akalivaa shuleni.

Hao wenyeji hawajatoweka. Waassiniboine wako Fort Peck, Montana, mwendo mfupi kwa gari kuelekea magharibi, wakiishi pamoja na ndugu zao wa Kisioux. Wamandan, Wahidatsa na Waarikara wako Fort Berthold, kusini-mashariki. Majina ya maeneo yote mawili ni ya vituo vya biashara vya zamani.

Ukiwa umefika Fort Union, tenga saa moja zaidi uendeshe hadi Fort Buford, inayosimamiwa na jimbo la North Dakota. Julai 1881 Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alijisalimisha pale baada ya miaka minne ya kuishi uhamishoni Kanada, akimpa mwanawe bunduki aikabidhi kwa kamanda. Nyumba ya afisa ambamo makabidhiano yalifanyika bado imesimama, nayo si ya kujengwa upya. Magwaride na mapishi hutayakuta huko siku nyingi, kwa hiyo utakuwa na nafasi ya kumbana mhudumu kwa maswali uliyoyakosea nafasi kwenye zogo la Rendezvous.